Chumvi Kabla ya Mieleka: Watoto Wetu na Sumo ya Tokyo (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita niliishia kwenye stesheni ya Ryogoku, binti yangu wa miaka sita amegoma kutembea. Mbele yake alisimama kijana mwenye mwili kama kabati, amevaa yukata ya pamba na viatu vya mbao, nywele zake zinanukia mafuta matamu. Mdogo wake, wa miaka minne, alikuwa ameshaanza kumfuata yule kijana kama anavyomfuata muuza aiskrimu.

Ukumbi wa Kokugikan uko hatua chache kutoka hapo. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 1985 na huingiza watu wapatao 11,000. Mashindano makuu ni sita kwa mwaka, kila moja siku 15: Januari, Mei na Septemba huwa Tokyo, Machi Osaka, Julai Nagoya, Novemba Fukuoka. Mapambano huanza asubuhi kwa vijana wa daraja la chini na kwisha karibu saa kumi na mbili jioni kwa vigogo. Watazamaji wengi huingia alasiri. Mwenye watoto wadogo namshauri aingie mapema, viti vikiwa bado vitupu, mtoto akachoshe miguu yake ukumbini kabla ya kuombwa atulie.

Nilidhani kazi ngumu ingekuwa kuwaeleza kanuni. Nilikosea. Atakayetoka nje ya duara, au kugusa chini kwa kiungo chochote kisichokuwa wayo, ameshindwa. Duara lina kipenyo cha mita 4.55, na hakuna madaraja ya uzito: mwenye kilo 110 anaweza kupangwa na mwenye 180. Mwanangu alielewa kabla sijamaliza sentensi. Huyo huyo nimejaribu mara tatu kumweleza kuotea katika soka, nimeshindwa.

Kazi ilikuwa kwingine. Pambano lenyewe mara nyingi ni sekunde chache. Ukiinama kuokota kofia, limekwisha. Kinachochukua muda ni maandalizi: wanachuchumaa, wanatazamana, wanasimama, wanageuka, wanarudi pembeni, wanaanza tena. Kwa wale wa daraja la juu wanaruhusiwa dakika nne. Zamani hapakuwa na kikomo kabisa, mpaka redio ilipoanza kutangaza mieleka hiyo mwaka 1928 na watangazaji wakahitaji kujua kipindi kitakwisha lini.

Mimi niliyezoea mpira wa dakika 90 nilianza kutazama saa. Watoto hawakupepesa macho. Kwao dakika nne zile ndizo zilikuwa mchezo. Mpiganaji ananyanyua mguu hewani na kuushusha kwa kishindo. Ndiyo shiko, ya kukanyaga na kufukuza pepo wabaya. Anapewa maji kwa kijiko kirefu na aliyeshinda pambano lililotangulia, au anayesubiri zamu, ila kamwe si na aliyetoka kushindwa, asije akamwambukiza nuksi. Halafu anachota chumvi na kuirusha ulingoni.

"Kama bibi," akasema binti yangu.

Bibi yao wa Tanga hupitisha chumvi na pilipili juu ya kichwa cha mtoto aliyepatwa na jicho baya, kisha huvitupa motoni. Nilikuwa nimejiandaa kutoa somo refu kuhusu dini ya Shinto na utakaso. Nikaona halina kazi tena. Nikaongeza tu kwamba ulingo huo wa udongo hutakaswa kabla ya mashindano, na ndani yake huzikwa chumvi, mchele na mwani mkavu. Paa linaloning'inia juu yake limejengwa kwa mfano wa paa la hekalu.

Ladha ya maneno nayo iliwakaa mapema. Kijapani, kama Kiswahili, hupenda kumalizia silabi kwa irabu, hivyo majina ya wapiganaji hayakuwatatiza. Kile kitambaa kinachofungwa kiunoni huitwa mawashi. Binti akauliza kama kimoja ni washi. Kwa bahati washi ipo, ila ni karatasi ya Kijapani, na mjadala huo ulituchukua mapambano mawili.

Kisha wawili wakaanguka pamoja. Wazee watano waliovaa joho jeusi wakapanda kushauriana, wakaamuru pambano lirudiwe. Wanaobishana kuhusu VAR watapenda kujua kwamba waamuzi wa sumo walianza kusaidiwa na picha za video mwaka 1969, baada ya bingwa Taiho, aliyekuwa ameshinda mara 45 mfululizo, kuhesabiwa kushindwa kwa uamuzi wenye kosa. Kombe la Dunia la soka lilingoja mpaka 2018.

Mwanangu alitaka kujua kama kuna mtu wa kwetu. Wa karibu niliyekuwa naye ni Mmisri, Abdelrahman Shaalan, Mwafrika wa kwanza kuingia sumo ya kulipwa, mwaka 2012. Alipewa jina Osunaarashi, tufani kubwa ya mchanga. Julai 2014, katikati ya mwezi wa Ramadhani, aliwaangusha mayokozuna wawili, ndio mabingwa wa cheo cha juu kabisa, kwa siku mbili mfululizo. Jina hilo lilipendwa sana. Limepewa paka wa jirani.

Tukala mishikaki ya kuku, chakula cha jadi pale ukumbini. Kuku husifiwa kwa kuwa husimama kwa miguu miwili na hana mikono ya kugusa chini. Ndipo binti, mdomo umejaa, akauliza: "Na mimi naweza kupanda pale?"

Sikutaka kumdanganya. Desturi inakataza wanawake kukanyaga ulingo wa sumo ya kulipwa. Mwaka 2018, mjini Maizuru, meya alianguka ulingoni akihutubia. Wanawake waliokimbilia kumpa huduma ya kwanza wakatangaziwa kwa kipaza sauti washuke. Mwenyekiti wa chama cha sumo aliomba radhi, lakini desturi imebaki. Watetezi wake husema ni mambo ya ibada. Mimi naona ibada inayongoja meya apone kwanza haipungukiwi kitu. Kwa mtoto nilisema kwa kifupi: pale hapana, lakini sumo ya ridhaa ina wanawake, na mashindano yao ya dunia yamekuwapo tangu 2001.

Alitafuna, akafikiri.

"Hayo ni lini?"