Kipembe cha Ubavuni

Kijana wa Unguja anayehudumia mashua za starehe huko Maskati ameniandikia. Tajiri wake amenunua boti ya tanga ya futi 34 yenye vyuma vya kufungia kamba omo na tezi tu. Ubavuni hamna kitu. Tajiri anataka kila ubavu uwekwe kimoja. "Shikamoo Bi," anaanza, kisha anauliza: kiwe kikubwa kiasi gani, na kikae wapi hasa?

Kabla ya jibu, jina. Nimehangaika nalo wiki nzima. Kigingi huchomekwa ardhini, na mbuzi hufungwa hapo kwa fundo, ilhali chuma hiki uzuri wake wote ni kwamba kinashika kabla ya fundo. Kifungio chaweza kuwa cha shati. Kitu chenyewe kina kiuno kifupi na pembe mbili zilizolala, moja ikitazama omo, nyingine tezi. Basi nakiita kipembe. Najua pembe ni kona pia, kama ile ya pembetatu, lakini ki- ileile ya kisu na kijiko inatosha kutuambia kwamba hiki ni kifaa cha mkononi.

Kazi yake ni hii. Boti ikikaribia gati, kamba moja inatoka kwenye kipembe cha ubavuni na kurudi mshazari, kuelekea tezi, hadi gatini. Injini inasukuma mbele polepole, na usukani unageuzwa kana kwamba nahodha anataka kuondoka. Kamba inavutia omo ndani. Maji ya rafadha yakiupiga usukani yanasukumia tezi ndani. Boti inalala sambamba na gati na kutulia hapo. Mtu aliye peke yake anapata nafasi ya kufunga kamba nyingine bila kuruka.

Hayo mabaharia wanayajua. Mimi kinachonikosesha usingizi ni kiganja cha mtu aliyeshika ncha ya kamba. Boti ya tani 5 au 6 bado inakwenda, yeye kazungusha kamba mara mbili tu kwenye chuma, anailegeza kidogo kidogo, na boti inasimama. Kiganja kimepata wapi nguvu hizo?

Leonhard Euler, yule mwanahisabati Mswisi wa karne ya 18, aliifikia hesabu ya jambo hili, na leo kanuni hiyo huitwa kwa jina lake pamoja na la mhandisi Mjerumani Johann Albert Eytelwein. Mimi naielewa kwa sinia la pilau. Linatoka jikoni limejaa, linapita safu ya wageni waliokaa mkekani. Tuseme kila mgeni anachukua fungu moja la kumi la kile kilichomfikia. Wa kwanza anashiba. Wa pili anachukua fungu la kumi la kilichobaki, wa tatu hali kadhalika, na kadiri sinia linavyosogea ndivyo matonge yanavyopungua, ingawa kila mmoja ametumia kipimo kilekile. Watoto waliokaa mwisho wa mkeka wanazikuta punje. Sasa jikoni ndiko boti inakovuta. Wageni ni vijisehemu vya chuma vinavyokumbatiwa na kamba, na mtoto wa mwisho ni kiganja chako. Penye mvuto mkubwa kamba hukikandamiza chuma sana, na msuguano hula sana. Ikishapungua nguvu, msuguano nao hula kidogo. Kwa hiyo kila mzunguko hauondoi kilo kadhaa. Unagawanya.

Na unagawanya kweli! Kipimo cha msuguano kikiwa 0.3, mzunguko mmoja kamili unaigawa nguvu kwa 6.6, miwili kwa 43, mitatu kwa 286 hivi. Mvuto wa kilo 300 unakifikia kiganja kama kilo 45. Ongeza mzunguko, kilo 7. Ongeza tena, kilo moja. (Kamba iliyolowa ina kipimo chake. Tuendelee.)

Kuna jambo halimo kabisa katika kanuni: unene wa kiuno cha chuma. Kiwe kinene kama mkono au chembamba kama kidole, jawabu halibadiliki. Wageni 20 ni wageni 20, mkeka uwe mpana au mwembamba. Ukubwa wa kipembe, basi, unaamuliwa na kamba, ili mizunguko na msokoto wa kumalizia wenye umbo la nane vipate pa kukaa: kamba ya nailoni ya milimita 12 hutaka kipembe cha sentimita 20 hivi.

Lakini pilau iliyoliwa imekwenda wapi? Imekwenda kwenye sitaha. Kilo ambazo kiganja hakikuzihisi zimeshuka karibu zote kwenye bolti. Skrubu za mbao hazifai hapa. Bolti zipenye sitaha mpaka chini, na chini yake kuwe na bamba pana la kutawanya mzigo. Na sitaha nyingi za faibaglasi zina moyo wa balsa, mti mwepesi sana ambao maji yakiupata huoza kimyakimya. Toboa matundu makubwa kuliko bolti, chokoa balsa pembezoni, jaza epoksi nzito, iache ikauke, kisha toboa upya katikati ya epoksi hiyo. Bolti haitaugusa mti tena. Mwenye kutia kalafati majahazini ataielewa haraka hofu hii ya maji.

Mahali ndipo pagumu, na hapo, mwanangu, usitoboe kwanza. Kama boti ina reli ya tanga la mbele sitahani, tafuta kipembe kinachoteleza juu ya reli na kufungwa popote. Siku ya upepo mdogo, funga kamba ya mshazari, tia injini mbele, utazame. Omo likijichomeka gatini, sogeza kipembe nyuma. Tezi likigusa gati na omo likaning'inia nje, kisogeze mbele. Boti itakapolala sambamba, weka alama ya chaki.