Je, Wajua? Duka Dogo la Nakano

Msafiri aingiaye Nakano Broadway, jengo la maduka lililofunguliwa mjini Tokyo mwaka 1966, hukuta humo Mandarake, duka ambalo Masuzo Furukawa, naye mwenyewe mchoraji wa manga, alilianzisha mwaka 1980 likiwa kijiduka cha vitabu vilivyokwisha kusomwa, na ambalo leo limeenea katika vyumba vingi vya jengo hilo. Kilicho azizi zaidi humo, kwa rai yangu, si sanamu wala beji, bali ni zile karatasi angavu za plastiki zilizotumiwa kupigia filamu za anime kabla ya zama za kompyuta: mistari huwa usoni, na rangi, iliyopakwa kwa mkono, huwa mgongoni, hata ukiigeuza moja waona dhahiri alama za brashi. Zamani, filamu ikiisha, nyingi zilitupwa.