Je, Wajua? Atomu Zinazoanguka Zinaweza Kupima Maji ya Mlimani

Je, wajua kuwa gunia la mahindi la kilo 100 likipimwa Holili, chini ya Mlima Kilimanjaro, kwa mizani ya springi, kisha likapandishwa hadi Uhuru, kilele cha mlima huo, mizani ileile ingesoma pungufu kwa gramu 100 na ushei? Mahindi ni yaleyale. Kilichopungua ni mvutano wa dunia.

Je, wajua kuwa urefu wa Kilimanjaro umetajwa kuwa mita 5,895 mwaka 1952, 5,892 mwaka 1999, 5,891 mwaka 2008 na 5,899 mwaka 2014? GPS peke yake haiwezi kusema usawa wa bahari ungepita wapi chini ya mlima. Mpaka mvutano nao upimwe.

Je, wajua kuwa kazi hiyo sasa hufanywa na atomu? Mwaka 1924 Louis de Broglie alidai kwamba kila chembe ya maada ina wimbi lake. Tupa mawe mawili Ziwa Chala: mgongo wa wimbi ukikutana na mgongo, maji huinuka, ukikutana na bonde, hutulia. Atomu nazo ndivyo zilivyo. Mwaka 1991 Mark Kasevich na Steven Chu, huko Stanford, walilitumia jambo hili kupimia mvutano. Atomu hupozwa kwa leza hadi karibu nyuzi 273 chini ya sifuri, kisha huachwa zianguke mahali pasipo na hewa. Mpigo wa kwanza wa leza huligawa wimbi la kila atomu njia mbili, wa pili huzigeuza njia hizo, wa tatu huzikutanisha. Mvutano ukibadilika kidogo tu, namna mawimbi yanavyokutana hubadilika pia. Na atomu yenyewe haikatwi vipande: ileile moja hupita njia zote mbili! Mwaka 2019 watafiti wa Vienna waliona mwingiliano huo hata kwa molekuli zenye atomu zipatazo 2,000.

Je, wajua kuwa mwaka 2020 kifaa cha kupimia mvutano kwa atomu kiliwekwa kwenye volkano ya Etna, Italia, kufuatilia kinachosogea chini ya ardhi? Maji nayo yana uzito, kwa hiyo nayo hubadilisha mvutano kidogo. Ziwa Chala hulishwa zaidi na maji yanayopita chini kwa chini kutoka Kilimanjaro, na macho hayawezi kuyafuata. Kifaa kama kile kikiwekwa Rombo, kwenye miteremko ya mlima huo, tangu masika hadi kiangazi, kingeweza kuonyesha akiba hiyo ikipanda na kushuka bila kuchimba kisima hata kimoja. Vyuo vyetu vikitafute.