Kumpeleka Mtoto Kupimwa Usonji

Mama mmoja wa darasa letu la kisomo ana mtoto wa miaka minne. Mtoto hasemi. Akiitwa jina hageuki, lakini sufuria ikifunuliwa jikoni anakuja mbio. Kutwa kazi yake ni kuzungusha kifuniko. Majirani walisema mengi: eti karogwa, eti mama hajui kulea. Mganga wa zahanati hakusema hayo. Alimwandikia barua aende hospitali ya mkoa, mtoto akapimwe usonji.

Usonji ni hali ya ubongo kukua kwa namna tofauti. Hauambukizi. Hauletwi na malezi wala na chanjo. Daktari Leo Kanner, huko Marekani, aliandika habari za watoto 11 wenye hali hiyo mwaka 1943.

Mama alituuliza, "Watamtoa damu?" Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha usonji, wala picha ya kichwa. Damu ikitolewa, ni kutafuta maradhi mengine. Masikio yatapimwa, maana mtoto asiyesikia naye haitiki.

Kazi kubwa ni maswali na kumtazama mtoto. Alizaliwaje? Alikaa lini, alitembea lini? Je, alianza kusema kisha akaacha? Akitaka kitu hunyoosha kidole, au huuvuta mkono wako? Halafu mtoto atapewa mpira, vikombe na vibao. Utadhani ni mchezo tu. Kumbe daktari anatazama kama mtoto anamwonyesha mama kitu alichokipenda, na kama anaiga. Mtoto akilia au akikimbilia mlangoni, usimchape. Usimsaidie kujibu pia. Huo si mtihani wa kufaulu na kushindwa.

Tulimshauri mama atumie daftari lake la kisomo. Wiki mbili aliandika: "Anatembea kwa ncha za vidole. Mashine ya kusaga ikilia anaziba masikio. Anajigonga kichwa ukutani." Baba aliona haya, akataka hilo la kichwa lifutwe. Sisi tulikataa. Daktari atakaa na mtoto saa moja au mbili tu. Asipoambiwa, atajuaje ya nyumbani? Basi likabaki. Na kadi ya kliniki tulimwambia asiisahau.

Huenda jibu lisipatikane siku ile ile, kwa hiyo wekeni nauli ya kurudi. Dawa ya kuondoa usonji hakuna; anayekuuzia anakula fedha yako bure. Lakini mtoto anaweza kufundishwa kuwasiliana, kwa maneno, picha au ishara, na kuanza mapema kunasaidia. Omba maandishi ya daktari, ukamwonyeshe mwalimu wakati wa kumwandikisha shule. Na kama hukuelewa alichosema, muulize tena kabla hujatoka chumbani. Wengi wetu huitikia "ndiyo, daktari", kisha tukaulizana wenyewe njiani.