Dale la nyumba (4): Chokaa, tembe na cheti cha mkandarasi

Ghorofa la Kariakoo, Dar es Salaam, lilipoanguka tarehe 16 Novemba 2024, simu za Nyanza-Lac hazikutulia siku nzima, maana wafanyabiashara wetu wengi hufuata bidhaa kule. Tangu hapo kila anayetaka kumwaga dale, yaani paa bapa la zege, hunisimamisha njiani: mkandarasi mwenye cheti anapatikana wapi? Nitajibu. Ila msingi, nondo na zege tumekwisha kuvieleza katika sehemu zilizopita, na kuna jambo moja la wazee ambalo nimelibeba miaka mingi; nianze nalo.

Lamu na Unguja paa bapa ni la tangu zamani. Boriti za mikoko zilipangwa karibukaribu, na urefu wa boriti ndio uliopima chumba. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba na virefu kama ujia. Juu ya boriti yaliwekwa mawe ya matumbawe, kisha chokaa iliyochanganywa na kokoto, unene wa shubiri na zaidi. Halafu kazi yenyewe ikaanza: watu walijipanga safu, kila mmoja na kipande chake cha mti, wakatwanga kwa nyimbo siku baada ya siku mpaka chokaa ikashikana. Mwashi aliyeharakisha utwangaji, masika ilimwumbua mbele ya mtaa mzima, na mtaa ule ndio aliokuwa akiishi. Hakuhitaji cheti, alikuwa na jina. Hata hivyo mapaa yale yalidai matengenezo kila mara, na Unguja wengi wakaishia kuezeka mabati juu yake.

Bara kulikuwa na tembe, paa la miti na udongo. Livingstone na Stanley, waliolala Mugere mwishoni mwa Novemba 1871 (jiwe lao liko mpaka leo, kusini mwa Bujumbura), walikwenda baadaye kukaa kwenye tembe la Kwihara karibu na Tabora, na Livingstone hakuondoka pale mpaka Agosti 1872. Tembe liliwafaa Wagogo wa Tanzania ya kati kwa sababu mvua yao ni haba. Babu zetu wa Burundi, wenye mvua ya kuanzia Oktoba hadi Mei, waliezeka nyasi kwa mteremko mkali. Hawakuwa wajinga. Leo tunajenga paa la nchi kavu chini ya mvua hii, tunamkabidhi kijana aliyejifunza kwa kutazama, halafu tunalia bei ya saruji.

Sasa nirudi kwa mkandarasi, maana nafasi imebaki ndogo. Anzeni na kibali cha kujenga. Ulizeni komini na OBUHA, ofisi ya serikali ya mipango miji na ujenzi, kabla ya kuagiza hata mfuko mmoja. Mkandarasi aonyeshe usajili wa biashara yake na namba ya mlipa kodi ya OBR, mamlaka yetu ya mapato. Akitoka ng'ambo ya mpaka wa Mugina, jina lake liwepo kwenye Bodi ya Usajili wa Makandarasi ya Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya 1997, na daraja lake lilingane na ukubwa wa kazi. Karatasi zikishakamilika, mwombeni awapeleke kwenye dale alilolimaliza misimu miwili iliyopita. Pandeni juu. Mkikuta dimbwi, mwinamo hakuupima: maji yanataka angalau sentimita moja hadi mbili kwa kila mita kuelekea bomba. Mkataba uandikwe, na sehemu ya malipo ibaki mpaka jaribio la maji.

Jirani yangu alifanya hivyo. Aliziba mabomba, akajaza maji kimo cha vidole viwili, akayaacha siku mbili, na mkewe akanung'unika kwa kukosa pa kuanika ndagala. Asubuhi ya pili doa lilitokea juu ya mlango wa jiko, ukubwa wa sahani. Fundi amerudi mara mbili na lami yake. Bahasha ya malipo ya mwisho bado imo kabatini.