Cheche Kabla ya Kilele: Kupima na Kurekebisha Wakati wa Kuwaka kwa Injini

Gari la petroli lililotengenezwa uani mjini Ifakara, likanguruma kwa sauti laini iliyomridhisha fundi na mwenyewe, laweza kuanza kugonga kama misumari inayotikiswa koponi mara tu linapopanda milima ya Mahenge likiwa na magunia ya mpunga. Dereva hulaumu mafuta, au uzee wa gari. Mara nyingi kosa limo katika cheche: inatokea mapema mno. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini kosa hilo halisikiki uani, na jinsi ya kuliepuka kwa kutumia balbu moja ya volti 12.

Wanafunzi wa fizikia wanafahamu kwamba katika injini ya mipigo minne pistoni huushindilia mchanganyiko wa hewa na petroli, kisha cheche ya plagi huuwasha. Wengi hudhani kuwa cheche hutokea pistoni ifikapo kileleni. Sivyo. Mchanganyiko huo hauwaki wote kwa dakika moja; moto huanzia kwenye plagi na kusambaa silindani, na kusambaa huko huchukua muda. Ikiwa kanieneo inatakiwa kufikia upeo wake pistoni ikiwa imekipita kilele kidogo tu, basi cheche haina budi kutangulia.

Hebu tukadirie. Tuseme moto wahitaji sehemu 2 za elfu za sekunde. Injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huzunguka mara 50 kwa sekunde, yaani nyuzi 18,000 kwa sekunde. Kwa hiyo katika muda ule krenki huzunguka nyuzi 36. Injini ikiwa imetulia kwenye mizunguko 750 kwa dakika, muda huohuo ni sawa na nyuzi 9 tu. Kwa hakika tofauti haiwi kubwa kiasi hicho, kwa maana kasi inapoongezeka mchanganyiko huvurugika zaidi na kuungua upesi zaidi. Hata hivyo hesabu yatuonyesha kwa nini ndani ya distribyuta mmewekwa vizito viwili vyenye springi: mhimili unapozunguka kwa kasi, vizito hutanuka na kuiwahisha cheche.

Mzigo nao una hukumu yake. Gari tupu linapokwenda taratibu katika tambarare ya Kidatu hadi Ifakara, kilango cha kabureta huwa kimefunguka kidogo tu. Mchanganyiko unaoingia silindani ni haba, nao huungua polepole. Hapo kiwambo kilicho ubavuni mwa distribyuta huvutwa na mvuto wa hewa wa injini na kuiwahisha cheche zaidi. Gari hilohilo likipanda na mzigo, dereva amekanyaga mafuta hadi mwisho. Silinda hujaa, mchanganyiko huwa mzito na huungua upesi, mvuto wa kiwambo hulegea, na cheche hurudishwa nyuma.

Sasa fikiri kwamba fundi ameiweka cheche mapema kupita kiasi. Kanieneo hupanda wakati pistoni ingali ikipanda. Sehemu ya mchanganyiko ambayo moto haujaifikia hubanwa na kupata joto hadi ikawaka yenyewe, yote kwa pamoja. Hiyo ndiyo sauti ya kugonga, na ikiendelea kwa muda mrefu huweza kuitoboa pistoni. Uani, gari likiwa halina mzigo, mchanganyiko ni haba mno kuweza kugonga. Tena, cheche ikiwahishwa kidogo injini huongeza mwendo na sauti hupendeza! Sikio la fundi mzoefu si kitu cha kudharauliwa, lakini huko uani linaulizwa swali ambalo jibu lake liko mlimani. Cheche ikichelewa, kwa upande wake, nguvu hupungua, petroli hupotea bure na injini hupata joto jingi, kwa kuwa moto huwa bado unawaka valvu ya moshi inapofunguka.

Katika maabara niliyosomea ng'ambo tulitumia taa maalumu imulikayo kila cheche inapotokea. Ni chombo kizuri, ila balbu yatosha kwa injini ya platini, kwa sababu cheche hutokea platini zinapoachana, wala si zinapogusana. Mkondo wa koili ukikatwa ghafla, usumaku wake hunywea na kuzalisha maelfu ya volti.

Anza na nafasi ya platini, ukiipima kwa fila kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Mpangilio huu si wa hiari: kipande cha platini kinachosuguana na mhimili hulika, nafasi hupungua, platini huchelewa kufunguka, na cheche huchelewa pamoja nazo. Kisha toa plagi ya silinda ya kwanza, ziba tundu kwa kidole gumba na zungusha krenki kwa mkono. Hewa ikikisukuma kidole, pistoni inapanda katika mpigo wa kushindilia. Endelea pole pole hadi alama ya puli ilingane na nyuzi zilizoandikwa kitabuni. Ukiipita, rudi nyuma vya kutosha uje upya, ili ulegevu wa mnyororo usikudanganye.

Unganisha waya mmoja wa balbu na mahali ambapo waya mwembamba wa koili huingia kwenye distribyuta, na wa pili na chuma cha injini. Fungua swichi bila kuwasha injini. Platini zikigusana balbu huzima, zikiachana huwaka. Legeza boliti ya distribyuta, igeuze kufuata mzunguko wa rota hadi balbu izime, halafu irudishe kinyume pole pole mpaka iwake. Kaza hapohapo, na usiiache swichi wazi kwa muda mrefu, koili isije ikaungua. Wanafunzi wakumbuke kwamba distribyuta huzunguka nusu ya mwendo wa krenki: kuigeuza nyuzi 1 ni kubadili cheche kwa nyuzi 2.

Ikiwa baada ya hayo yote injini yagonga mlimani, yafaa kuyashuku mafuta. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hugonga hata cheche ikiwa sahihi. Ndiyo moja ya sababu EWURA ilianza mwaka 2010 kutia vinasaba katika mafuta, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Fundi anayechelewesha cheche ili kuinyamazisha injini ya namna hiyo anauficha ugonjwa.

Magari mengi ya leo hayana platini wala distribyuta. Kompyuta ndiyo inayopanga cheche, ikisaidiwa na kipande kilichofungwa ubavuni mwa injini ambacho hutoa umeme kikitikiswa na mgongo wa injini. Kikisikia kugonga, cheche huchelewishwa papo hapo. Dereva aliyeuziwa petroli chafu hasikii chochote. Huona tu kwamba mlima aliouzoea umekuwa mrefu, na kwamba tangi limekwisha mapema.