Mwenye kisukari akiacha kukojoa mara kwa mara, msishangilie kwanza

Wadau, leo tuongelee kitu ambacho watu wanaona aibu kukitaja: mkojo.

Kila mtu anajua kisukari kinakojoza. Sukari kwenye damu ikipita kama 10 kwenye ile mashine ya kutoboa kidole, figo zinashindwa kuirudisha yote, inaingia kwenye mkojo na kuvuta maji. Ndo maana kiu haikatiki na usiku mtu anaamka kila mara.

Sasa kuna mzee mtaani kwetu nilimsikia anajisifu kwamba siku hizi anaenda mara mbili tu kwa siku, eti mizizi imemponya. Inawezekana sukari imeshuka kweli, lakini bila kupima utajuaje? Maana kuna sababu nyingine, na ni mbaya.

Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu. Ndiyo hiyo inayofanya miguu ife ganzi. Na kibofu nacho kinafa ganzi hivyo hivyo! Kibofu cha mtu mzima kinabeba kama nusu lita, na kikifika karibu nusu yake unaanza kusikia haja. Mishipa ikiharibika taarifa haifiki. Kibofu kinajaa na kutanuka, mwenyewe hana habari. Akienda, mkojo unatoka kwa kusuasua na mwingine unabaki. Huo uliobaki unazalisha bakteria, UTI haziishi, na mwisho figo zinaumia.

Dalili nyingine ni kujikamua, kuhisi mkojo haujaisha, na matone kuvuja. Kwa wanaume tezi dume nayo inaleta hayo hayo, kwa hiyo msikisie nyumbani. Hospitali wanapiga ultrasaundi baada ya mtu kukojoa, waone kimebaki kiasi gani. Na mkojo ukigoma kabisa kutoka, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Mishipa ikishaharibika hairudi kirahisi, ila mtu anasaidika: kushusha sukari, kwenda chooni kwa saa (kila saa 3 au 4 hata kama hasikii haja), kukojoa, kusubiri kidogo, kisha kujaribu tena. Wengine wanafundishwa kutumia mpira.

Mzee hawezi kuanza yeye kukueleza haya. Kijana muulize baba, binti muulize mama, taratibu mkiwa wawili tu: "Shikamoo baba, haja ndogo inaendaje siku hizi?" Akikwambia haisikii tena, mpeleke akapimwe.